Alfajiri ya Kipima 411

Kipima namba 411 kilisoma chini ya sifuri, na Eliwaza Msengi akadhani ni miwani yake.

Aliivua, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. Namba ilikuwa palepale: hasi kumi na saba. Kwenye skrini kubwa ya chumba cha udhibiti, vipima vingine vyote vya Duara la Iramba, karibu elfu nne, vilikaa kwenye sifuri kwa adabu. Ndivyo ilivyotakiwa. Ilikuwa Siku ya Kimya, siku moja kwa mwaka ambayo mashine huzimwa kutwa nzima ili mafundi wa umeme wafanye kazi yao. Mwale ulikuwa umezimwa tangu saa kumi alfajiri, na pasipo mwale hakuna cha kupima.

Tatizo ni kwamba kipima cha upotevu huhesabu chembe zinazotoroka kwenye mwale. Zikitoroka nyingi kinasoma nyingi, zisipotoroka kinasoma sifuri. Kusoma pungufu ya hapo ni sawa na mlinzi kukuambia kwamba leo getini wametoka watu kumi na saba pungufu ya hakuna mtu.

Duara lenyewe lilikuwa chini ya miguu yake, mita mia mbili ndani ya graniti ya Singida: bomba la kilomita thelathini ambamo protoni huzunguka mara elfu kumi kwa sekunde moja, zikielekezwa na sumaku. Mwisho wa mbio hizo protoni hupigwa kwenye vipande vya madini, na kutoka humo hupatikana dawa ya mionzi inayopelekwa hospitali za nchi saba. Ni mashine ya ajabu, na Eliwaza hakuwahi kuizoea. Lakini hakuna mwale usiopoteza. Daima zipo protoni chache zinazopotoka, zikagonga ukuta wa bomba na kuunguza kilicho karibu. Ukipotoka mwale mzima, unatoboa sumaku kabla hujamaliza kupiga chafya. Ndiyo maana ya vile vipima elfu nne, na ndiyo maana ya Eliwaza, mkuu wa kitengo cha upotevu. Kila zamu alihesabu protoni zilizoingia, zilizotumika, na zilizopotea, na hesabu ilipaswa kufunga.

Kwa miaka kumi na tisa haikufunga. Siku zote ilibaki tofauti ndogo, ileile, isiyojulikana imekwenda wapi. Wataalamu walihangaika nayo mwanzoni, kisha wakachoka, wakaipa jina: fungu la jiwe. Hata jiwe lazima lile, walisema wakicheka, na yeye akacheka nao.

Sasa aliitazama ile hasi kumi na saba, na alijua imetoka wapi.

Graniti ya Singida yenyewe hutoa mionzi kidogo, tangu dunia iumbwe. Kwa hiyo kabla ya mwale wa kwanza kuwashwa, mtu mmoja alitumwa atembee handaki zima na kifaa cha mkononi, apime jiwe linatoa kiasi gani kwenye kila kituo. Kiasi hicho ndicho kingetolewa kwenye usomaji wa kila kipima milele, ili ibaki mionzi ya mwale peke yake. Mtu huyo alikuwa Eliwaza, mhitimu wa miaka ishirini na mitano aliyekuwa na hamu ya kusifiwa. Kwenye kituo 411 maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye ufa, yakakilowesha kifaa, kikafa. Alikiruka kituo. Aliporudi siku tisa baadaye na kifaa kingine, mwale wa majaribio ulikuwa umeshaanza kuzunguka. Ni mwale mwembamba tu, alijiambia. Fomu ilitaka tarehe moja kwa vituo vyote na mkuu wa wakati huo aliitaka imejaa kabla ya Ijumaa, basi akaijaza tarehe moja.

Hilo lilikuwa kosa lenyewe. Alichokiandika kuwa sauti ya jiwe kilikuwa jiwe pamoja na mwale unaovuja. Kuanzia siku hiyo kipima 411 kilikuwa kikipunguza kupita kiasi, kikiuficha uvujaji ule na kusoma sifuri ya uongo. Siku za Kimya zilizopita zisingeweza kumuumbua, maana vipima navyo vilizimwa pamoja na umeme wote wa mashine. Mwaka huu vilikuwa vimefungwa betri.

Wazo la betri lilikuwa la Injinia Mhoja Lubinza, mkuu wa uendeshaji, ambaye aliingia wakati huo na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa Msukuma mrefu, mpole, mpenda utani, na walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na minne. Alitazama skrini, akauliza kama jiwe limeanza kuwarudishia chembe zao. Kisha akaona uso wake, akaacha mzaha. Alisema betri mpya zina vituko, aandike betri yakaishe.

Eliwaza angeweza kuandika betri. Neno moja tu, na hakuna binadamu ambaye angelifuatilia. Badala yake alisema anataka kushuka akaone kwa macho.

"Basi tushuke wote," alisema Mhoja. Sheria ilikataza mtu kushuka peke yake, naye alikuwa na methali kwa kila sheria. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

*

Katika kigari cha umeme, taa za handaki zikiwaka mbele yao na kuzima nyuma, Eliwaza alimweleza yote: maji, kifaa, siku tisa, tarehe. Mhoja aliendesha bila kumkatiza. Alipomaliza, Mhoja alimuuliza swali moja tu, kama katika miaka yote hiyo kuna mtu aliyewahi kwenda kukitazama kituo 411. Hakuna. Nani aende mahali ambapo kila siku panasoma sifuri? Roboti zilipita, lakini roboti zilifundishwa kutazama sumaku na mabomba, si ukuta.

Mhoja alisimamisha kigari hatua kumi kabla. Vifaa vyao vya kifuani vilionyesha mionzi iliyosalia inavumilika kwa saa kadhaa. Aliwasha tochi, akaielekeza nyuma ya sumaku, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Dada, hebu njoo."

Ufa ulikuwepo, na maji yaliendelea kuchuruzika kama miaka ile. Lakini jiwe lililoloweshwa na maji hayo halikuwa tena la kijivu. Lilifunikwa na utando wa zambarau, laini, wenye mikunjo kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Ulianzia nyuma ya kiungo cha sumaku, mwembamba, ukatanuka ukutani kwa zaidi ya mita tatu, ukakolea katikati na kufifia pembeni.

Eliwaza alilijua umbo lile. Alikuwa amelichora mara mia kwenye kompyuta: umbo la mnyunyizo wa chembe pale protoni iliyopotoka inapogonga bomba na kupasuka kuelekea mbele. Alikuwa amelitafuta fungu la jiwe kwa hesabu miaka kumi na tisa, na hapa lilikuwa limechorwa ukutani, sahihi kuliko ramani yoyote aliyowahi kuitoa. Kitu kilikuwa kimeota mahali ambapo mwale ulianguka, na mahali usipoanguka hakikuota.

Alimweleza Mhoja alichokijua. Mionzi ikipita kwenye maji huyavunja, haidrojeni ikatoka. Ndani kabisa ya miamba wamo bakteria wanaokula haidrojeni hiyo, wala hawajui kwamba kuna jua. Kwa kawaida huishi kwa makombo, kwa mionzi hafifu ya jiwe, mmoja akigawanyika labda mara moja katika karne. Hawa walikuwa wamepata karamu.

"Tumewalisha sisi," alisema Mhoja.

"Nimewalisha mimi. Kwa ile tarehe."

Walikuwa bado wamesimama hivyo utando ulipotikisika. Eliwaza alidhani ni tochi. Kisha mikunjo ya juu ikainuka, ikafuata ya katikati, mpaka ya chini, na kila penye mkunjo vitundu vidogo vikafunguka na kutoa povu jembamba. Ilikuwa saa nne na dakika nane asubuhi. Utando wote wa mita tatu ulisimama wazi, ukimetameta, ukiwa umeelekea kwenye bomba. Haukufanya kitu kingine. Zilipita dakika kumi na mbili, ikatimia saa nne na dakika ishirini, na hapo Mhoja akashika kichwa.

Yeye ndiye aliyekuwa anapanga ratiba. Kila baada ya saa saba na dakika ishirini, shehena mpya ya protoni huingizwa kwenye Duara, na ni katika dakika zile za kwanza ambapo mwale hutapanyika zaidi. Isingekuwa Siku ya Kimya, shehena ingeingia saa nne na dakika ishirini kamili.

Hakuna kiumbe duniani mwenye siku ya saa saba na dakika ishirini. Jua halina mpango huo, wala mwezi. Siku hiyo ilitungwa na kamati, kwa sababu za bei ya umeme na zamu za wafanyakazi. Na hawa walikuwa wameipokea kama maua yanavyoipokea asubuhi, wakajifunza kufunguka kabla jua halijatoka, na jua lao lilikuwa kwenye ratiba ya Mhoja.

Mwale haukuja. Utando ulisubiri hadi saa nne na dakika arobaini, kisha ukajikunja taratibu, kuanzia chini kwenda juu.

Eliwaza aliogopa, na ndani ya hofu hiyo mlikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata kanisani wala siku ya harusi yake. Alitaka kupiga magoti. Mhoja naye hakuwa na methali.

*

Waliacha kamera ndogo mbele ya ufa. Kabla hawajaondoka, Mhoja alimulika sumaku, maana injinia ni injinia hata akiwa ameduwaa. Rangi ilikuwa imebanduka upande wa ukutani, na gamba la nyaya lilikuwa kahawia kama mkate uliosahauliwa jikoni.

"Hii haimalizi mwaka," alisema. "Ikikatika mwale ukiwa ndani, sehemu yote ya nne inakufa. Tutakaa bila dawa miezi kumi, na zaidi."

Hakuhitaji kueleza maana yake. Mkewe Nyanjige, Mama Kulwa, alikuwa na saratani ya tezi ya shingo. Alikuwa amekunywa dozi mbili za dawa iliyotoka kwenye mashine hii, na ya tatu ilikuwa mwezi ujao.

Njiani waliliweka jambo wazi. Sumaku ibadilishwe na inyooshwe, uvujaji uishe, na utando ule usipate alfajiri nyingine. Au Eliwaza aandike betri, utando uendelee kula na jina lake libaki safi, mpaka siku sumaku itakapokatika na wagonjwa wakae bila dawa. Alichukia kwamba njia ya pili ilimvutia, na alimwambia Mhoja hivyo.

Kisha akasema jambo alilokuwa analizungusha kichwani tangu pale kwenye ufa. Mwale lazima upoteze mahali fulani. Katika sehemu ya pili ya Duara kulikuwa na mataya, jozi za vyuma vinavyobana mwale na kunyoa protoni zilizoanza kupotoka, zikaishie kwenye bonge la chuma lisilomsaidia yeyote. Je, jozi moja ikihamishiwa karibu na ufa? Sumaku mpya ingekingwa, na makombo yaleyale yangeanguka ukutani badala ya kwenye chuma.

Mhoja alihesabu kwa vidole juu ya usukani. Kubadilisha sumaku kungechukua siku ishirini na sita, na dawa ya siku hizo ilikuwa imeshawekwa akiba. Kuhamisha taya kungeongeza siku sita ambazo hazikuwa na akiba ya kutosha. Kundi moja la wagonjwa, watu arobaini na mmoja, wangecheleweshwa.

"Na Mama Kulwa ni mmoja wa hao arobaini na mmoja," alisema, wala hakumtazama.

Eliwaza alijiuliza ana haki gani ya kumwambia mgonjwa asubiri kwa ajili ya kitu kisicho na macho. Akajiuliza pia ni nani mwenye haki ya kuzima jua baada ya kuliwasha, hata kama aliliwasha kwa uzembe. Maswali yote mawili yalikuwa ya kweli, na hakuna lililolifuta jingine.

Saa kumi na moja na dakika ishirini na nane jioni walikuwa mbele ya skrini, na kamera ikawaonyesha utando ukifunguka tena, dakika kumi na mbili kamili kabla ya shehena, ukisubiri mwale ambao haukuwepo. Hapo Eliwaza alifungua daftari la kituo. Mficha uchi hazai, alijisemea, na akaandika: *Sifuri ya kipima 411 si ya kweli. Niliipima mimi siku tisa baada ya mwale kuanza, nikajaza tarehe ya uongo. Uvujaji upo tangu siku ya kwanza. Kuna viumbe hai ukutani.* Akasaini. Mhoja alisaini chini yake kama shahidi, kisha akampigia mkewe simu na kuiweka mezani ili wote wasikie.

Alimweleza pole pole, kama anavyoelezwa mtu mzima, bila kumpunguzia kitu. Upande wa pili kulisikika kifuniko cha sufuria kikiwekwa.

"Hao wadudu wako wana akili?" aliuliza Nyanjige.

"Sijui. Wanajua saa tu. Saa ikifika wanafunguka, wanasubiri."

Kifuniko kilisikika kikifunuliwa tena.

"Kusubiri ninakujua, Baba Kulwa," alisema. "Hao wengine arobaini usiwasemee, waulizwe wenyewe. Lakini mimi niandike."

*

Bodi ilibishana siku tisa, mwale ukiwa umewashwa kama kawaida, kisha ikakubali jozi ya mataya ihamishwe. Eliwaza alivuliwa ukuu wa kitengo, na hakulalamika. Waliomvua walimwachia kituo kimoja tu akisimamie hadi mashine iwashwe baada ya matengenezo, kile cha 411, na hakuna aliyejua kama ilikuwa adhabu au huruma.

Wagonjwa wote arobaini na mmoja waliulizwa. Hospitali zilikuwa na dozi kumi na tisa za dharura. Ishirini na mmoja walikubali kusubiri siku sita, baadhi yao baada ya kuonyeshwa picha ya kamera. Kumi na tisa walikataa, na mzee mmoja wa Kasulu akasema bakteria ni bakteria, yeye ana wajukuu. Hakuna aliyembishia, kwa sababu alikuwa na haki. Nyanjige alikuwa wa arobaini na moja. Daktari alikuwa amemwekea dozi ya kumi na tisa kimyakimya, kama mke wa mkuu. Nyanjige alipogundua, akairudisha na kusema apewe mzee wa Kasulu.

Kazi ilichukua siku thelathini na mbili kamili, na kila siku Eliwaza alikaa mbele ya kamera. Utando ulififia. Kingo ziligeuka kijivu, zikabanduka, zikaanguka na maji. Ulisinyaa hadi kufikia upana wa meza, kisha wa sinia, na mwisho ulibaki kama kiganja pembeni mwa ufa. Bado ulifunguka, lakini saa yake ilianza kuteleza, dakika moja hapa, mbili pale, kwa kukosa jua la kuirekebisha. Eliwaza aliandika kila dakika. Siku mbili za mwisho kamera haikuona povu hata moja, na usiku alilia kwa ajili ya kitu ambacho asingeweza kumweleza jirani yake.

Asubuhi ya kuwasha, mashine ilikuwa tayari saa mbili. Eliwaza alimwendea Mhoja na karatasi. Alikuwa amekokotoa kwamba kama saa yao bado inaenda, na kama imeteleza kwa kiasi kilekile, wangefunguka saa tano na dakika kumi na tisa. Alimwomba aingize shehena dakika kumi na mbili baadaye. Duara halikuwahi kumsubiri waziri, sembuse ukoga. Mhoja aliitazama karatasi, akawageukia watu wake, na akawaambia wanywe chai.

Nyanjige alikuwa amekuja. Alikaa kiti cha nyuma, amejifunga mtandio shingoni kuficha kovu, mikono magotini. Ilipofika saa tano na dakika kumi na tano chumba kizima kiliigeukia skrini.

Ikawa kumi na tisa. Kwenye skrini, kile kiganja cha zambarau kilitulia tuli. Ikawa ishirini. Eliwaza hakuthubutu kumtazama Mhoja. Ikawa ishirini na moja.

Povu moja lilitoka. Lilikuwa dogo mno. Likafuata la pili, kisha mkunjo wa juu ukainuka, ukafuata ule wa chini yake, na kiganja chote kikafunguka, kimechakaa, kimechanika upande mmoja, kikielekea kwenye bomba.

"Wameamka," alisema Eliwaza.

Mhoja alisogeza muda mbele kwa dakika mbili, akaweka kidole kwenye kitufe na kungoja. Nyanjige alikuwa amesimama, ameshika mgongo wa kiti cha mumewe.

"Dawa yangu inatoka kwenye shehena hii?" aliuliza.

Mhoja aliitikia kwa kichwa.

"Basi tunakula sahani moja. Wape."

Mhoja alibonyeza. Kipima 411, chenye sifuri yake ya kweli, kilianza kupanda: tatu, tisa, kumi na mbili. Miaka kumi na tisa Eliwaza alikuwa amelipwa mshahara ili namba hizo zishuke. Sasa alisimama na viganja vimefungana mdomoni, akiziombea zipande, mpaka zilipofika kumi na saba na kutulia.